Mapendekezo ya Sura ya Tano

Kwa mtumishi wa afya aliyepangiwa Katavi, kusoma akiwa kazini si anasa. Mkoa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huohuo ikahesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta watu 1,152,958. Idadi imepita maradufu kwa miaka kumi: wafugaji waliofuata malisho, wakulima waliofuata mashamba, wachimbaji wadogo waliofuata dhahabu, na watoto wengi wanaozaliwa. Mganga akiondoka hapo kwenda kukaa darasani Morogoro au Dar es Salaam kwa miaka miwili, kiti chake kinabaki wazi, au kinakaimiwa na mtu ambaye tayari ana kiti chake kingine. Mwajiri anayemwambia "soma, ila usiondoke" hamwonei.

Elimu ya masafa iliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hii. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari, na mwanafunzi wake tangu mwanzo alikuwa mtu mzima mwenye kazi, familia na mshahara mdogo. Anayedhani shahada ya namna hiyo ni ya daraja la pili akumbuke kwamba Rais Samia Suluhu Hassan alipata shahada yake ya uzamili mwaka 2015 kupitia mpango wa pamoja wa chuo hicho na Southern New Hampshire University ya Marekani.

Nimetanguliza sifa hizo kwa makusudi, kwa sababu kisa kinachofuata kinaweza kusomwa kama shutuma kwa wanaosoma kwa masafa. Mtu wake nimemtunga. Kituo chake hakipo kwenye ramani, na chuo chake hakina jina. Vitendo vyake ndivyo ambavyo sikuhitaji kuvitunga, na aliyewahi kukaa na watumishi wa halmashauri jioni, kazi zikiisha, atavitambua kimoja kimoja.

Alikuwa daktari mwenye shahada ya kwanza, mganga mfawidhi wa kituo cha afya kando ya barabara inayotoka Mpanda kushuka Ziwa Tanganyika. Kijana mchapakazi. Mwaka wake wa kwanza alipanga upya chumba cha kujifungulia, akahangaikia jokofu la sola hadi likapatikana, akajulikana kwa jina na kina mama wa vijiji vitatu. Kisha akaenda kwenye kikao cha mkoa, akasikia wanavyotambulishwa waliokaa meza ya mbele. Kila mmoja alikuwa na uzamili wa kitu fulani. Akarudi kituoni na wazo moja: Mganga Mkuu wa Wilaya wa kesho ni mwenye shahada ya pili ya menejimenti ya huduma za afya.

Shimo la kwanza alilikwepa. Alitumiwa ujumbe kwenye simu na mtu aliyejiita wakala wa chuo cha ng'ambo: miezi sita, hakuna mtihani, uzoefu wako kazini utageuzwa kuwa alama, cheti kitakuja kwa posta. Daktari wetu hakuwa mjinga. Aliwakumbuka watumishi 9,932 waliotajwa Aprili 2017 kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, na vituo vya vijijini vikaamka asubuhi bila mtu wa kufungua dirisha la dawa. Alijua pia kwamba shahada ya nje haina uzito hapa nchini mpaka Tume ya Vyuo Vikuu iitambue. Na alikuwa amesoma habari za Axact, kampuni ya Karachi ambayo The New York Times ilifichua Mei 2015 kuwa inauza vyeti vya vyuo visivyokuwepo; mwaka 2018 BBC ikaripoti kwamba miongoni mwa wanunuzi wa Uingereza walikuwamo madaktari na wauguzi wa huduma ya taifa ya afya. Akamfungia wakala, akajiandikisha kwenye chuo halali cha hapahapa nchini, akalipa ada kwa mkopo wa mshahara. Akajiona amepona.

Kosa lake la kwanza lilikuwa dogo, la makaratasi. Hakuomba ruhusa ya mwajiri. Aliona nasoma usiku, kwa fedha yangu, atanihoji nani? Lakini katika utumishi wa umma masomo yasiyo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, yasiyo na barua, hayana pa kushikia siku ukitaka yakubadilishie kada au cheo. Wengi wamefika utumishi na joho mkononi wakaulizwa barua. Hili ni la dakika kumi kulizuia, nami sitalikalia zaidi.

Asaimenti ya kwanza ilimtaka achambue mfumo wa ugavi wa dawa katika kituo anachokifahamu. Nani alikuwa na bahati kama yake? Stoo ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Leja ya dawa ilikuwa rafuni, na mkunga aliyeijaza kwa miaka mingi alikuwa akipita mbele ya dirisha lake mara kumi kwa siku. Badala yake akafungua intaneti, akaandika kurasa nyingi nzuri kuhusu hospitali za Uingereza. Alipata alama za juu. Aliyesahihisha hakuwa na namna ya kujua, na daktari akajifunza jambo ambalo chuo hakikukusudia kumfundisha: kwamba kituo chake si cha kuandikiwa.

Barabara ile ya kituo chake ukiifuata hadi mwisho unafika Karema. Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman, mzaliwa wa upande wa Timbuktu, aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa Malta kusomea udaktari. Alibaki Karema akitibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Elimu yake ilitoka ng'ambo ya bahari mbili ikatua mahali pamoja, ikakaa hapo miaka 67. Daktari wetu alikuwa na masafa mafupi kuliko hayo, hatua chache za korido, na hakuyavuka.

Sasa tuingie stoo wenyewe, maana humo ndimo kisa kilimo.

Kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa kwa mzunguko. Kila mzunguko kinaripoti kilichokuwapo, kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki, kisha kinaomba. Hesabu ya kuomba inategemea matumizi ya wastani, na hapo pana mtego ambao kila kitabu cha ugavi kinautaja. Dawa ikiisha tarehe 10, matumizi ya mwezi yataonekana madogo. Si kwamba wagonjwa walipungua. Kilichopungua ni cha kuwapa. Usiporekebisha hesabu kwa siku ambazo dawa haikuwapo, utaomba kidogo. Ukiomba kidogo itaisha mapema zaidi. Na mzunguko ujao takwimu zitakuambia uombe kidogo zaidi. Upungufu unajizaa wenyewe, kwenye karatasi safi, bila mtu kuiba hata kidonge kimoja. Weka juu ya hilo eneo ambalo watu wake wanaongezeka kama wanavyoongezeka Katavi, na utaona kwa nini mtu anayenakili fomu ya mzunguko uliopita anaagizia watu ambao hawapo tena.

Mkunga aliliona. Hakuwa na shahada, alikuwa na macho na daftari la MTUHA namba 12, ambamo kila anayejifungua anaandikwa. Akamfuata ofisini.

"Daktari, shikamoo ya kazi. Oksitosini tunayoomba haifiki mwisho wa mzunguko. Wazazi wameongezeka. Nimehesabu kwenye daftari."

"Sista, jaza kama tulivyojaza safari iliyopita. Nina kazi ya kutuma chuoni leo kabla ya saa sita usiku."

"Na tarehe ya kupeleka maombi ni kesho."

"Ndiyo maana nasema ujaze vilevile."

Sitaki kumfanya shetani. Kusoma uzamili huku unaongoza kituo chenye watumishi nusu ya ikama ni kazi ya kuumiza. Alilala kwa saa nne tu kila usiku. Mtandao ulikuwa unapatikana vizuri kwenye kichuguu kimoja nyuma ya nyumba za watumishi, na hapo ndipo alipofanyia vipindi vya jioni, mbu wakimla. Mwaka wa pili ulipofika, wa utafiti, alikuwa amechoka kabisa. Na mchovu hutafuta njia ya mkato akiwa anaamini kabisa kwamba anatafuta msaada.

Msaada ulikuwa steshenari moja mjini Mpanda. Pale wanachapa barua za maombi ya kazi, wanatoa kopi, wanapiga picha za pasipoti, na nyuma ya pazia kuna kijana mwenye kompyuta ambaye ameshaandika disetesheni za watu wengi kuliko profesa yeyote aliyewahi kuzisimamia.

"Dokta, wewe niambie kozi tu. Mada ninazo."

"Afya. Menejimenti."

"Basi tukuwekee kuadimika kwa dawa muhimu katika vituo vya umma. Hiyo inapita. Tuipeleke wilaya ya mbali kidogo, wasije wakaanza kuuliza maswali hapa."

"Na hojaji?"

"Mdogo wako nipo. Nitazijaza."

Akazijaza. Kalamu za bluu, nyeusi na kijani, mwandiko uleule mmoja ukiegemea upande mara kulia mara kushoto. Takwimu zikaingizwa kwenye programu, zikatoa majedwali yenye nukta za desimali, na hakuna kinachotuliza macho ya msomaji mvivu kama nukta za desimali. Kijana hakuwa na stoo wala wagonjwa, lakini alikuwa amesoma tasnifu nyingi za namna hiyo, na sura ya tano ya mapendekezo aliiandika vizuri sana. Wafawidhi wapeleke maombi kwa wakati. Warekebishe matumizi kwa siku ambazo dawa haikuwapo. Makadirio yafuate idadi mpya ya watu, si fomu ya zamani. Kamati za usimamizi wa vituo zikutane na ziidhinishe ununuzi kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeteuliwa, pale Bohari inapokosa.

Daktari alilipa, akachukua faili, akalisoma hadi sura ya tatu, kwa kuwa aliambiwa maswali mengi ya utetezi hutoka kwenye mbinu za utafiti.

Wiki ile ya kukabidhi kazi ilikuwa pia wiki ya kufunga maombi ya dawa. Maombi yalichelewa. Oksitosini iliyokuwapo kwenye jokofu, dawa ya kuzuia kuvuja damu baada ya kujifungua, ikaisha wiki mbili kabla ya wakati. Fedha za kununua kwa mshitiri zilikuwapo: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, wala hazingoji tena halmashauri izigawe. Lakini matumizi huidhinishwa na kamati, na mwitaji wa kamati alikuwa Mpanda mjini.

Aliyeletwa usiku huo alikuwa na miaka 17, ujauzito wa kwanza. Katavi hilo si jambo la kushangaza, na hapo penyewe pana msiba. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19 ama wameshazaa ama ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wa 2022 ukakuta asilimia 34, pungufu lakini bado juu ya wastani wa taifa wa asilimia 22. Binti alijifungua salama. Kisha damu haikukoma. Mkunga alikanda tumbo, akaweka dripu, akafungua jokofu akijua hamna kitu ndani yake, akaomba gari. Masika ilikuwa imeshaikata barabara sehemu mbili.

Alifika hospitali akiwa hai, na akaishi. Mji wa mimba ulitolewa.

Daktari alipita utetezi wake miezi michache baadaye, kwa njia ya mtandao, akiwa juu ya kichuguu kilekile. Akavaa joho. Akaandika barua ya kuomba kufikiriwa kupandishwa cheo, na kwa fahari, ambayo hata leo inanifanya nimwonee huruma, akapeleka nakala moja ya tasnifu yake, yenye jalada gumu na herufi za dhahabu, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, ikae kabatini wengine waige.

Timu ya halmashauri iliyokwenda kufuatilia tukio la yule binti iliongozwa na katibu wa afya, mama mmoja ambaye hapazi sauti. Aliomba leja. Akaomba nakala za maombi ya mizunguko minne. Akaziweka mezani zikipangana, na hata mtu asiyejua kusoma angeona kwamba safu ya kuomba ilikuwa ni ileile, tarakimu kwa tarakimu, huku daftari namba 12 likionyesha wazazi wakiongezeka kila robo. Mwenyekiti wa kamati ya kituo, mzee mkulima wa tumbaku, aliulizwa kama aliwahi kuidhinisha ununuzi.

"Mama, sisi tunaidhinisha tukiitwa. Fedha ziko benki, dawa haziko kabatini. Tuulizeni mara ya mwisho tuliitwa lini."

Kisha katibu wa afya akatoa kwenye mkoba kile kitabu cha jalada gumu. Alikisoma njiani, kwenye gari. Akafungua palipokunjwa.

"Daktari, hongera kwa masomo. Hapa umeandika kwamba matumizi lazima yarekebishwe kwa siku ambazo dawa haikuwapo. Ni kweli kabisa. Naomba utuonyeshe kwa oksitosini ya hapa kwenu. Karatasi hii, kalamu hii."

Wapo watakaosema alinyamaza kwa aibu. Mimi naona alinyamaza kwa sababu ya kawaida zaidi: hakuwa anajua. Ilikuwa mara ya kwanza anaisikia sentensi hiyo, nayo ina jina lake juu.

Mkunga ndiye aliyekokotoa, nyuma ya fomu. Siku za mzunguko, toa siku zilizokosa dawa, gawanya matumizi kwa siku zilizobaki, zidisha upate mwezi kamili. Ilimchukua muda mfupi kuliko unaohitajika kuchemsha chai.

Msomaji atataka kusikia kwamba chuo kilimnyang'anya shahada. Hakikumnyang'anya, kwa kuwa hakuna aliyekiandikia. Katibu wa afya alikuwa na tukio la kufuatilia, hakuwa na tasnifu ya kukagua. Wilaya iliyotajwa kwenye utafiti haikujua kama ilitafitiwa. Na kijana wa steshenari hatoi risiti. Hili linaniudhi kuliko mengine yote, na sioni dawa yake mpaka wasimamizi wa vyuo waanze kuomba daftari ghafi la takwimu na namba za simu za vituo vilivyohojiwa, kisha wapige. Simu moja ya dakika tano kwa mfawidhi wa kituo kilichotajwa ingetosha. Daktari alipewa onyo la maandishi kwa kuchelewesha maombi na kutoitisha kamati. Barua yake ya kufikiriwa ilirudi ikiulizia ruhusa ya masomo.

Aliomba uhamisho na akaupata. Huko aendako cheti chake ni halali, na ipo siku mtu atampa meza ya kuandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri nzima, ambapo makosa ya hesabu hayahesabiwi tena kwa chupa za kituo kimoja.

Yule mkunga alikuwa amejiendeleza hadi stashahada. Baada ya fomu ile, katibu wa afya alimwita Mpanda, akamuuliza anangoja nini. Akaomba ruhusa kwanza. Barua ilikaa ofisi ya mkurugenzi mpaka akakata tamaa, kisha ikatoka. Akasoma shahada ya kwanza kwa shida, sasa yuko kwenye uzamili, na mada yake ni daftari lake mwenyewe: miaka mitano ya oksitosini katika vituo vya barabara ile, ikipimwa dhidi ya wazazi waliojifungua. Kibali cha maadili ya utafiti kilimchelewesha. Kulikuwa na barua ya katibu tawala wa mkoa, ikaja ya mkurugenzi, kisha ya kila kituo. Wenzake wawili hawazungumzi naye vizuri, maana takwimu zake zimeonyesha miezi ambayo leja zao zilijazwa kwa siku moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kituo chake mwenyewe ameikuta miezi mitatu ya namna hiyo, mwandiko ni wake, na msimamizi amemwambia aiandike hivyohivyo katika sura ya nne. Amemrudishia rasimu mara mbili, na iliyoko mkononi mwake sasa ina maswali kila ukurasa, likiwamo la kwa nini vituo viwili vilivyo karibu na ziwa vina matumizi madogo kuliko wazazi wake. Amepanga kwenda kuuliza barabara ikikauka.